Waride Nassibu, Aliyeifundisha Kompyuta Kutosubiri

Marehemu Waride Nassibu Abbasi alizaliwa Kiongoroni tarehe 14 Aprili 1964, mtoto wa tatu wa Mzee Nassibu na Bi Shufaa. Subira hakujaliwa tangu utotoni, na familia inalisema hili bila haya, maana ndilo lililompa kazi.

Alisoma shule ya msingi kijijini, sekondari Dar es Salaam, na mwaka 1989 akahitimu stashahada ya kompyuta. Mwaka 1993 kampuni binafsi ya malori ilimwajiri. Alikuta kompyuta inamtumia wakala mmoja ombi la lori, inakaa kumsubiri ajibu, na mawakala wengine wote wamekwama. Marehemu akaibadili programu: itume ombi, iache agizo la kutekelezwa jibu likifika, iende kwa mwingine. Kazi ya asubuhi nzima ikawa inaisha kabla ya chai. Ila aliandika agizo ndani ya agizo, na jingine ndani yake, hata mwenyewe akapotea humo.

Tarehe 3 Juni 1995 aliolewa Bungu na Mwalimu Khalidi Ismaily. Lori la kuleta vyombo vyake liliombwa kwa programu hiyohiyo. Jibu lilichelewa, kompyuta ikaomba tena, majibu yote mawili yakatekelezwa, yakaja malori mawili. Mama mkwe, Bi Mwamini, akauliza, "Kwani Khalidi mwanangu, umeoa wangapi?"

Mkurugenzi wa kampuni hakucheka. Alimpa marehemu siku saba airekebishe programu, la sivyo kazi hana. Siku hizo ndizo za fungate, na bibi harusi hatoki nje. Basi akatandaza kurasa za programu mkekani, akazikata kwa mkasi. Kila agizo alilipa jina na mahali pake, na likishaitwa mara moja lisiitike tena. Bwana harusi alisoma kwa sauti. Alipokwama, mkewe aliandika upya. Siku ya nane walipima ofisini: kasi haikupungua hata kidogo. Kazi ikapona.

Figo zilianza kumsumbua Septemba 2001. Hofu yake kubwa ilikuwa kuacha programu isiyoeleweka na mtu. Februari mwaka huu mfanyakazi mwenzake, Sijaona, alimletea kitandani kurasa alizoongeza mwenyewe.

"We Sijaona, mbona hukuniuliza?"

"Nilisoma tu, dada, nikaelewa."

Marehemu alicheka hadi akatoka machozi.

Alifariki nyumbani Bungu, Jumapili tarehe 9 Machi 2003. Ameacha mume, watoto wawili, Warda na Abdurahmani, mama mzazi, na mama mkwe anayelia kutushinda sote. Mwenyezi Mungu amrehemu Waride wetu, apumzike kwa amani.