Walimulilia Mama Akiwa Hai

Wamama, wababa, wenzangu wa mutualite, hiki chama chetu cha kusaidiana, nimesimama kwa sababu mumeniomba. Kwa hiari yangu ningebaki pale nyuma karibu na masufuria, ambako nimezoea. Wenye kusali musikitini nawasalimu kwa salamu yetu, wenye kusali kanisani nawasalimu kwa ile munayoipenda. Sitataja jina la mutu hata mumoja. Wenye kutujua mutajua ni nani na nani. Basi jueni kimoyomoyo, musigeuze shingo kumutazama.

Mimi ni mushonaji. Cherehani yangu iko kwenye baraza ya nyumba ya mama, hapa hapa Kasongo. Tumbo la mama tulitoka wawili tu, mimi na kaka yangu, na yeye alienda kuchimba dhahabu Salamabila. Jamaa wengine wa mama wako Kabambare na Wamaza. Barabara yenyewe munaijua. Mvua ikinyesha, pikipiki inabebwa na mutu badala ya mutu kubebwa na pikipiki. Kwa hiyo simu ndiyo imetushika pamoja. Mutu akifa Wamaza asubuhi, sisi Waislamu tunazika siku hiyo hiyo, na usipopata mesaji mapema umekosa. Na kukosa kilio, nitawaambia nini musichokijua? Ndoa ukikosa watakusamehe. Kilio watakusema nacho mpaka uzeeke.

Mimi nilishakosa kimoja. Mujomba wangu alizikwa Wamaza, simu yangu haina rezo, haipati mutandao, nikasikia baadaye sana. Walinisema vibaya. Kutoka hapo nikawa na woga, simu ikilia tu naacha sindano katikati ya nguo.

Hapo ndipo mwizi wa simu aliponipata. Najua wengi hapa munafikiri wanaoibiwa kwenye simu ni wale wenye tamaa, wanaokimbilia zawadi za bure. Ndugu zangu, nawaambia, mimi sikuibiwa kwa tamaa. Niliibiwa kwa hofu ya kukosa kilio cha watu wangu.

Mesaji ilitoka kwa namba ya mama mudogo wa Kabambare, mudogo wake mama. Foto ni yake, amevaa kitenge cha kijani nilichomushonea mwenyewe. Iliandikwa hivi: "Mwanangu, gurupe ya kilio ya jamaa imejaa, tunafungua mupya. Kode ya namba sita inaingia kwa simu yako sasa hivi. Unirudishie upesi, nisikuache inje."

Nisikuache inje! Hapo ndipo aliponishika. Kweli namba sita zikaingia. Chini yake kulikuwa na maneno ya Kifaransa, na Kifaransa changu ni cha sokoni, bonjour na combien, basi. Baadaye nilisomewa maana yake: usimupe mutu yeyote kode hii. Mimi nilimupa. Nikaongeza na "asante mama".

Chekeni tu. Siku hizi hata mimi nacheka, kidogo.

Muda si muda simu ikanitoa inje kweli. Ule mutandao wa mesaji tunaoandikiana sote uliniambia niingie upya, nikijaribu unakataa. Nikasema ni rezo, kwani nini kikiharibika hapa hatusemi ni rezo? Nikarudi kwa cherehani. Kumbe saa ile mwizi alikuwa amekaa ndani ya jina langu, na foto yangu, anawaandikia watu wangu wote: "Mama ametutoka asubuhi hii. Tunazika leo. Simu yangu ya kupokea pesa imeharibika, muchango wa sanda tumeni kwa namba hii ya jirani."

Mchana nikasikia kilio njiani. Wamama wa ukoo wetu wanaokaa upande wa pili wa muji wanakuja, wamefunga vitenge viunoni, wanalia kwa sauti. Mumoja alijitupa chini mbele ya cherehani yangu. Na mimi nikaanza kulia pamoja nao! Wallahi nililia, wala sikujua tunamulilia nani. Ndipo mama akatoka ndani anajifuta mikono.

"Nani amekufa?"

Mumoja alipiga kelele akakimbia mpaka njiani, akaacha kiatu. Tulipomueleza, mama aliwatazama wale wageni mumoja mumoja, kisha akaniambia, "Uwapikie. Wametembea na jua." Ndivyo alivyokuwa mama yangu. Wageni wake mwenyewe wa kilio akawapa chakula. Lakini yeye hakula. Kutoka siku ile akawa mutu wa kunyamaza, anavuta kitenge mabegani kama anasikia baridi, na ukimuuliza anasema hana kitu.

Kaka aliisoma ile mesaji akiwa Salamabila. Alilia mbele ya wenzake wa shimo. Wale wachimbaji, musiwadharau, walichanga kila mumoja, wakatuma kwa ile namba ya mwizi, wakamutafutia na pikipiki. Alifika hapa ana tope mpaka kwenye nyusi, akamukuta mama anapepeta muchele. Alimukumbatia, akacheka, akalia. Kisha akanigeukia.

"Pesa ya watu iko wapi?"

"Kaka, si mimi niliyeandika."

"Iko jina lako. Iko foto yako. Ni nani mwingine?"

"Simujui. Simu ilinifungia."

"Sasa mimi nikirudi kule nitawaambia nini? Kama mama alifufuka?"

Aliporudi hawakumuamini. Walisema aliwachezea machozi apate pesa yao, wakamutoa kwenye shimo alilochimba nao tangu mwanzo. Alianza upya na watu asiowajua. Na undugu na mimi akaukata. Jamaa wengine wakasema nilikula ile pesa pamoja na mwanaume. Mwanaume gani? Angalau wangenionyesha, na mimi nimujue.

Mama mumoja anayetengeneza simu karibu na soko alihangaika na simu yangu mpaka jina langu likarudi. Akaniwekea na kode ya pili, ya siri yangu mwenyewe, ambayo mutandao unaiuliza kabla ya kumufungulia mutu. Nikamuandikia kila mutu: nisameheni, niliibiwa, si mimi. Niliona alama kwamba wamesoma. Hakuna aliyejibu. Simu nilirudishiwa, watu sikurudishiwa. Nilivunjika moyo kabisa. Wateja walileta vitambaa vikabaki vimekunjwa, na kulikuwa na asubuhi nilizoamka nikachukia kuamka. Nawaambia wazi kwa sababu huenda kuko mutu hapa aliye hivyo leo, na anafikiri yuko peke yake.

Kiangazi kilipofika mama alikufa. Safari hii kweli. Alisali alfajiri, akarudi kulala, nikaenda kumuamusha anywe chai.

Nikampigia kaka, simu imezimwa, yuko shimoni. Nikapiga Kabambare kwa mama mudogo, inalia, inalia, haichukuliwi. Wamaza rezo hakuna. Basi nikaandika. Ndugu zangu, vidole vilikataa, kwa sababu maneno niliyokuwa naandika yalikuwa yale yale ya mwizi. Mama ametutoka asubuhi hii. Tunazika leo. Utaandika nini kingine? Mutu akifa hakuna maneno mengine.

Kabla ya adhuhuri jibu la kaka likaingia. "Mama yangu ulishamuua mara moja. Tafuta mwingine." Nilipotaka kurekodi sauti yangu nimutumie, asikie ninavyolia, nikakuta ameshaifungia namba yangu.

Wamama wawili wa musikitini walinisaidia kumuosha. Jirani yetu mukulima, mutu wa kanisa, alikuja na jembe lake na ndugu zake kuchimba. Sasa munajua, kwetu anayeshuka kaburini kumupokea mama ni mwanawe, au mwanaume wa damu yake. Walipotaka kumutoa nyumbani, muzee wa musikiti alisimama mulangoni akauliza, "Nani wa damu yake atashuka?" Akauliza tena, pole pole. Nilitamani niwe mwanaume saa ile, nishuke mwenyewe. Walishuka majirani. Mimi nilibaki uani na wanawake wasiojaza hata mukeka mumoja, na sufuria kubwa ya wali niliyoipika kwa ajili ya watu ambao hawakuja, hata wale wamama wa ukoo wa upande wa pili wa muji, waliosema hawadanganywi mara mbili.

Asubuhi yake kulikuwa na dereva wa pikipiki anayeenda Salamabila. Nilimupeleka kwanza makaburini. Nikamuambia, angalia kwa macho yako, halafu umutafute kaka yangu umuambie kwa mudomo wako.

Kaka alipofika hakuingia ndani. Alikaa kwenye kiti changu cha cherehani.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, kaka."

"Nani alishuka?"

Nikamutajia. Akatoa simu yake akaniwekea mapajani. "Ile niliyokuandikia, uifute. Mimi siwezi kuitazama." Nikamuambia hata nikifuta kwake, kwangu bado iko. Alilia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanaume, mpaka yule jirani mukulima akaja kumushika.

Ilipokaribia arobaini, kaka hakuandika mesaji hata moja. Alipiga simu kwa kila mutu kwa sauti yake, na wasio na rezo akawatumia mujumbe. Walikuja. Baada ya dua alisimama, akasema, "Dada yangu aliibiwa jina. Mimi nilimuita mwizi, na mama akazikwa na watu wa inje. Anayetaka kumusema tena, aniseme mimi."

Nilidhani yamekwisha. Ndipo mama mudogo akasimama, anashikilia ukuta. Akasema simu yake iliibiwa kabla ya yangu. Mutu alimupigia akamuambia ameandikwa kwenye misaada, ataje kode iliyoingia, akaitaja. Siku ile ile alijua ameibiwa. Akanyamaza, kwa aibu, mutu muzima kudanganywa vile. Waliposema nimekula pesa alikuwepo, akanyamaza. Na asubuhi ya kifo aliiona simu yangu inalia, akaogopa nitamuuliza. "Dada yangu amezikwa," akasema, "mimi nimekaa naangalia simu inalia."

Sikumusamehe pale pale, nisiwadanganye. Nilitoka inje nikasimama karibu na choo mpaka hasira ikapungua. Kisha nikarudi nikakaa karibu naye, kwa sababu mimi najua kukaa bila mutu kulivyo. Kusamehe kwenyewe kunaendelea mpaka leo, kuko siku kunaenda na siku kunarudi nyuma. Lakini lile neno lake lingesemwa siku ya kwanza, "jamaa, simu yangu imeibiwa, musiamini," mwizi asingefika kwangu wala kwa wale wachimbaji. Aibu yetu ndiyo ilimulinda.

Basi hilo ndilo nimekuja kuwapa. Namba sita zikiingia kwa simu yako, ni zako peke yako, kama kode ya pesa yako. Asizipate mama mudogo, wala pasta, wala imamu. Hata mimi, na uso huu munaouona, nikikuandikia nikakuomba, uninyime. Upige kwanza usikie sauti. Mutu wako wa kweli hatakasirika ukimuuliza, na akikuharakisha, hapo ndipo usimame. Uweke ile kode ya pili, wasiojua waje kwangu kesho barazani, nitawaonyesha bila malipo. Na ukishaibiwa, piga kelele siku hiyo hiyo, ucheke au ulie, lakini usinyamaze.

Nawashukuru majirani walioshuka kaburini. Nashukuru yule mama wa simu, na yule dereva. Nashukuru wachimbaji waliomuchangia mutu wasiyemujua, Mungu awarudishie, sisi hatujaweza. Namushukuru mama mudogo, ambaye ndiye aliyeniambia nije niyaseme haya, hata yale yake.

Na siku yangu mimi ikifika, mutapata mesaji kama ile, kwani hakuna maneno mengine. Musiiamini. Pigeni, ulizeni. Mukisikia kwa sauti ya mutu kwamba ni kweli, nawaomba, mukuje.