Usiupige Randa Mkono wa Baba Yako

Sogeeni, wanangu, pumzi imebaki kidogo. Akwai, kifungua mimba wangu, weka chini hiyo randa. Nasikia wataka kuvilainisha vibao vya kuchapia kitabu vilivyo chini ya kitanda changu, uchonge juu yake mawaidha ya hakimu wa sasa. Thubutu! Alivichonga baba yako.

Mlikuwa wadogo, hamkuona. Kilikuwa kitabu cha hadithi, cha hakimu wa enzi za wafalme waliokwisha kufa, aliyeuza mchele wa msaada wa njaa hata watu wakala udongo. Walioelewa kwamba ndiye hakimu wetu wa siku zile walifunga milango wakacheka. Mtunzi hajulikani mpaka leo, lakini sisi wachongaji hutia jina ukingoni mwa kila kibao ili tulipwe, na kwa jina hilo askari wakamfikia baba yenu.

Wakampigisha magoti sokoni, mbele ya wauza bata. Hakimu akamtupia kitabu usoni. "Mbwa wewe! Umenichonga mimi?"

"Mheshimiwa, hizo habari za kale," akajibu. "Nani kakwambia ni wewe?"

Soko zima likaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichomuua. Walimkata vidole vya mkono wa kazi kimoja kimoja, wakamshindilia kurasa kinywani hadi damu ikamtoka puani, ndipo wakamkata kichwa. Nilikibeba kwa kapu la mboga. Namchukia hakimu yule hata sasa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Na huyu wa leo, Akwai, hauzi mchele uleule? Lila na fila havitangamani: mawaidha ya mwizi hayakai juu ya kazi ya baba yako. Kichapeni kitabu, mkauze ng'ambo ya mto, na ukingoni msitie jina la mtu.

Askari waliwahi kuchoma vibao vya sura ya mwisho tu, hakimu anapohukumiwa. Mjukuu wangu Ayin anayo yote kichwani, nimemkaririsha mwenyewe. Mbao zipo. Jeneza langu pale barazani, mlilonicheka nilipotaka liwe la mti wa peasi, mti wa kuchongea vibao, lipasueni mchonge sura hiyo. Mimi nizikeni kwa mkeka.

Usilie, Akwai. Mababu wawalinde... mikono yenu isitetemeke, watoto wenu washibe... Chukua msumeno, baba. Anza sasa hivi... nataka kuusikia.