Sista Aliyewafunza Wagonjwa Kuitafuta Suheli

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari, muuguzi mkuu wa wodi yetu ya macho anavua sare baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Barua ya kustaafu imeandikwa jina lake rasmi, lakini ukilitaja pale mapokezi watakuuliza unamtafuta nani. Wote tunamjua kama Sista Suheli. Mimi karani wa mafaili, niliyefanya kazi dirisha la jirani naye kwa miaka kumi na tisa, ndiye niliyepewa kazi ya kueleza sababu.

Alianzia chumba cha matone, na mkono wake ulikuwa mwepesi hata watoto waliendelea kukaza macho wakati dawa imeshaingia zamani. Alipohamishiwa wodini, jambo moja lilimkera. Mgonjwa aliyetolewa mtoto wa jicho akiulizwa kama anaona, hujibu haraka kwamba anaona, ili mradi aruhusiwe kwenda nyumbani. Wengine walishaikariri chati ya herufi kwa kuwasikia wenzao wakiisoma.

Sista akaanza kuwapa kazi ya nyumbani. Suheli, aliwaeleza, ni nyota ya pili kwa kung'aa katika anga lote la usiku. Kuanzia Desemba hadi Mei, jua likishazama, geukia kusini. Februari imepanda vizuri, huwezi kuikosa. Juni inamezwa na mwanga wa jua. Mwishoni mwa Julai inarudi alfajiri, kusini-mashariki, kabla hakujapambazuka. Funika jicho moja, itazame, kisha siku ya kliniki uje uniambie umeona nini.

Madaktari walicheka. Kicheko kiliisha siku mwalimu mmoja mstaafu alipokuja na malalamiko yake: "Sista, ulisema nyota moja. Mimi nimeziona mbili." Chati ya herufi alikuwa ameisoma yote bila kukosea. Alipopimwa upya ikagundulika lenzi ya bandia aliyowekewa jichoni imesogea. Alirudishwa chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo, na jicho likaokoka.

Yeye mwenyewe, kila alipoingia zamu ya alfajiri, alisimama kwanza kwenye baraza la nyuma, karibu na chumba cha kufulia, akaangalia kusini. Miaka sita iliyopita Julai ikaisha, Agosti ikaanza, naye akatutangazia kwamba mwaka huu Suheli imechelewa. Tulisingizia mawingu. Kisha asubuhi moja dada wa kufulia, aliyekuwa akianika mashuka, akamwambia, "Sista, mbona ile pale? Ina wiki tatu sasa."

Sista akafunika jicho la kushoto. Akafunika la kulia. Hakuiona kwa jicho lolote.

Angeweza kulificha jambo hilo, na hakuna ambaye angejua. Kazi aliipenda mno, na aliogopa kuondolewa wodini. Lakini asubuhi ile kulikuwa na wagonjwa watatu wa kutolewa nyuzi. Alikwenda moja kwa moja kwa daktari, akaweka trei mezani, akasema, "Leo sigusi jicho la mtu. Nipime mimi kwanza." Mimi ndiye niliyemfungulia faili la mgonjwa. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Akalazwa kitanda namba nne, na hatujawahi kupata mgonjwa msumbufu kama yule. Alikosoa mashuka, alikosoa plasta, akauguza nusu ya wodi akiwa amelala. Daktari wa kumpasua alikuwa kijana aliyefundishwa naye namna ya kunawa mikono. Alipomwona anatoka jasho, Sista akamtuliza: "Mwanangu, vuta pumzi. Mimi nipo hapa hapa, siendi popote."

Mwishoni mwa Septemba alituita sote barazani alfajiri. Akafunika jicho moja, akafunika la pili, akacheka, halafu machozi yakamtoka. Tulimkemea kwa pamoja, maana alikuwa ametoka kutiwa matone muda ule ule.

Tangu siku hiyo amefundisha wauguzi kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja anayemruhusu mgonjwa kuondoka kwa neno "naona" peke yake. Kwa hilo, na kwa ukali wake uliotufaa, tunamshukuru kwa moyo wote.

Mumewe, ambaye ni seremala, ametuambia kwamba tangu waoane hajawahi kunywa chai ya asubuhi na mkewe siku ya kazi. Mwezi uliopita alitengeneza viti viwili vyenye mahali pa kuegemeza mikono, akaviweka karibu na dirisha la jikoni. Jumatatu saa moja asubuhi chai itakuwa mezani. Nenda, Sista wetu, ukaketi. Uwe na siku nyingi na njema, na chai usiinywe kwa haraka.