Nazi za Amana Kutoka Maparoni

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, anayeotesha kwa wakati Wake, si kwa wakati wangu! Jamaa wa darsa wameniomba nieleze jinsi Mola alivyonitoa katika wahka. Mimi si msemaji. Ni mtu wa miche, na elimu yangu ya miche nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma, kujaribu na kukosea. Basi nitaeleza kama ninavyopanga viriba vya miche, mstari mmoja ukijaa ndipo naanza mwingine.

Bustani yangu iko Kibiti, kando ya barabara kuu iendayo Lindi. Ni banda la makuti, kisima, na vitalu vya mikorosho, miembe na michungwa. Niliianza mwenyewe, bila mfadhili wala bosi. Mtu akiniona asubuhi nikimwagilia angedhani nina raha. Wallahi, sikuwa na raha!

Wahka ule haukuwa na sababu ninayoweza kuitaja. Niliamka nao. Mkono ulikuwa kwenye mpira wa maji, moyo umeshafika Mbagala. Nikikaa kula, mguu ulitikisika chini ya meza mpaka chai ikamwagika. Basi la Dar es Salaam likipiga honi nilisimama, kana kwamba nimeitwa jina langu. Niliona kila mtu yuko mbele, na kwamba liko wazo moja mahali fulani, nikilipata tu, nitatulia.

Basi nikayafukuzia mawazo. Nilikwenda Dar es Salaam nikaona bustani za kule zinauza ukoka uliokatwa kama mikeka, vyungu vya saruji na kokoto nyeupe. Nikarudi nikafanya vile vile. Mzee Salumu, mkulima wa korosho wa Mtunda, akasimamisha baiskeli yake, akautazama ukoka.

"Huu unauza?"

"Nauza, mzee wangu."

"Mwanangu, mgongo huu umepinda kwa kuung'oa ukoka. Leo niununue nikaurudishe shambani? Na mimi nikikuletea kunguni, utanunua?"

Vijana wa bodaboda waliokuwa hapo walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo nikaitwa Bwana Ukoka, na jina halijanitoka mpaka leo.

Ningejifunza hapo, ndugu zangu, lakini wahka haufundishiki. Nikaacha ukoka nikashika mipapai mifupi. Kabla haijatoa ua nikaona kwenye simu mtu analima stroberi, nikang'oa mipapai nikaagiza stroberi. Joto la Kibiti mnalijua. Zilikufa zikiwa zimesimama. Nikahamia mitende. Kila wazo lilikuwa zuri mahali lilikotoka, ila mimi sikukaa na hata moja mpaka nilijue.

Mke wangu, mama Zuhura, ni mtu wa maneno machache. Siku moja alikuwa anajaza udongo kwenye viriba, akasema bila kuinua kichwa, "Baba Zuhura, wewe hujapata kula tunda la mti ulioupanda. Yote unaiacha ingali michanga."

Neno lile lilinichoma, lakini nililijibu kwa wahka ule ule. Nikaamua kuiuza bustani yote! Alikuwapo bwana mmoja wa mjini aliyetaka kiwanja kile akifanye mahali pa kuoshea magari. Tulikubaliana aje baada ya masika tuzungumze mara ya mwisho. Mimi nilishajiona niko Dar es Salaam, naanza upya. Mama Zuhura hakutaka kuondoka. Alisema tu, "Huko nako utapachoka. Ukishapachoka, tutakwenda wapi?" Nikashika mpira wa maji nikatoka nje. Nyumba yetu ilikuwa kimya siku hizo, kimya cha watu wawili wasiotaka kugombana.

Ndipo Mwenyezi Mungu akamleta Bi Mwanahawa.

Alikuja na kiroba kichwani, mwanamke wa makamo ya mama yangu, kanga zake zina chumvi kwenye pindo. Alitoka Maparoni, kule kwenye visiwa vya delta, mto unapoingia baharini.

"Ndiwe Bwana Ukoka?"

"Ndimi, bibi. Jina nimepewa."

"Ukoka sitaki. Nina nazi. Nioteshee."

Akatua kiroba akanieleza. Nyumbani kwao kulikuwa na mnazi wa marehemu baba yake. Mnajua desturi yetu: kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa chini ya mnazi, au hapo hupandwa mnazi wake. Chini ya mnazi ule walikuwa wamezika vitovu vya watu wa nyumba ile, chake yeye, cha ndugu zake, cha watoto wake. Sasa maji yalikuwa yanakula ukingo. Kila bamvu, yale maji makuu ya bahari, lilipokuja lilibeba kipande. Mizizi ya mnazi ilikuwa inaning'inia nje, na hata kwenye viwanja chumvi imeingia, mche mpya haushiki. Binti yake alikuwa mjamzito.

"Mjukuu wangu akizaliwa kitovu chake nikakizike wapi? Majini?" Akagusa kiroba. "Hizi ndizo za mwisho. Mkwezi amekataa kupanda tena, anasema mti unayumba. Nimepewa kiwanja Mtunda, huko juu, lakini bado pori. Nakuachia. Si zako kuuza wala kula. Ni amana, na Mungu ndiye shahidi."

Ndugu zangu, wakati anasema maneno hayo mimi nilikuwa na simu mkononi, natazama picha za viwanja vya Mbagala. Nikamwambia, "Weka hapo bibi, hamna shida." Akaweka, akaaga, akaenda zake kutafuta usafiri wa kurudi.

Jua lilipopinda ndipo nikalielewa neno nililolikubali. Amana! Na mimi ninauza kiwanja! Nikajaribu simu ya Bi Mwanahawa, haipatikani. Nikampa ujumbe mwenye mashua mmoja wa kule, kwamba bibi aje azichukue nazi zake. Jibu likarudi: "Bibi anasema nazi zisirudi. Zikirudi huku zitakufa na mama yao." Nikaenda kwa imamu wetu, nikitumaini ataniambia naweza kuziacha kwa mnunuzi. Akanitazama akacheka. "Amana unaiacha kama paka wa jirani? Zioteshe umkabidhi, au umrudishie mkononi. Njia ya tatu siijui."

Nikazilaza kitaluni. Zilikuwa saba. Nazi ya mbegu hutikiswa kwanza. Ukisikia maji yanacheza ndani, ina uhai. Ukisikia kimya, imekuwa mbata, haioti. Zote saba zilicheza. Nikazilaza ubavu, nikazifukia mchanga zikabaki migongo, nikazimwagilia. Kazi ikaisha. Kilichobaki ni kungoja, na kungoja ndiko nisikokuweza.

Nazi haina haraka na mtu. Huota baada ya miezi, na haikwambii mwezi gani. Kila asubuhi nilikwenda kitaluni, nikaichomoa moja, nikaitikisa, nikasikiliza, nikairudisha. Jioni nikarudia. Najua vizuri kwamba mzizi mchanga ukiguswa hukatika, jambo hilo ndilo la kwanza ninalowaambia wateja. Lakini mkono haukusikia elimu yangu. Siku moja niliichomoa nazi nikaona chini yake kizizi cheupe kimevunjika. Nilikaa chini palepale mchangani, nikaona aibu mbele ya nazi.

Mama Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakunikaripia. Alileta tenga la makumbi, yale maganda ya nazi, akazifunika mbegu zote mpaka hazionekani, akajifuta mikono.

"Basi. Ukitaka kuchungulia kitu kila saa, nichungulie mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu tukacheka pamoja.

Sasa nikawa mtu asiye na la kufanya. Kuondoka siwezi, kutikisa siwezi, kuanza jipya hakuna maana kwa sababu bustani inauzwa. Nikakaa barazani. Na nilipokaa, watu wakaanza kukaa na mimi. Ndugu zangu, nilikuwa na bustani ile miaka mingi, na nilikuwa sijawahi kumsikiliza mteja mpaka mwisho! Mtu alipouliza "una miembe?" nilimwonyesha niliyotaka kuiuza, akalipa au akaondoka. Sasa nikamwuliza, "Mwembe wa namna gani, ndugu?"

Bwana mmoja kutoka Utete akasema, "Kama ule wa mama. Dodo, lakini si hii dodo yenu. Ile ilikuwa na harufu. Mti bado upo, matawi yanakauka moja moja." Nikamwambia aniletee vikonyo, yaani vijitawi vichanga kutoka kwenye tawi lililo hai, avifunge kwa kitambaa kibichi. Akaleta. Nikavibebesha juu ya miche yangu, nikaifunga vizuri. Iliposhika, alikuja akaushika mche ule kwa mikono miwili, mtu mzima, macho yamemjaa maji. Akawaambia wengine. Mzee Salumu naye akafika na vikonyo vya mchungwa wa babake, akavitua mezani.

"Bwana Ukoka, leo ndiyo umeanza kuuza mti."

Hapo ndipo wazo lilipokuwa, ndugu zangu! Halikuwa Dar es Salaam wala kwenye simu. Lilikuwa midomoni mwa watu waliokuwa wanapita mbele yangu, nami nimesimama kichwa kimeelekea barabarani.

Lakini masika yalikwisha, na yule bwana wa mjini akaja na futi kamba na fundi wake. Wakapima. Akafika kwenye makumbi akayasukuma kwa kiatu. "Na hizi?"

"Nazi za amana. Hazijaota."

"Zihamishe."

"Zikichomolewa sasa zitakufa."

Akacheka kwa upole kabisa, hakuwa mtu mbaya. "Sheikh, nazi si nazi tu? Nitakununulia gunia zima sokoni, umpe huyo bibi. Hatajua."

Ndugu zangu, huo ndio ulikuwa mtihani! Alichokisema kilikuwa kweli: Bi Mwanahawa asingejua. Nazi zote sura moja. Basi la mchana likapita likapiga honi, na mguu ukaanza kunicheza. Mama Zuhura alikuwa kisimani, ameshika kamba, ndoo imening'inia katikati, haishuki wala haipandi. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Nikamwambia yule bwana aningoje niswali.

Sikuomba kitu kirefu. Nilisema, "Ya Rabi, mimi siwezi kukaa. Nikalishe Wewe." Niliporudi, nilijikuta nasema kabla sijafikiri, "Bwana, nisamehe. Kiwanja siuzi."

Alikasirika, na ana haki, alikuwa amesafiri. Gari lilipoondoka nilisikia ndoo ikishuka kisimani, ikagonga maji.

Mtafikiri siku ya pili nazi ziliota. Hazikuota! Wiki zikapita. Wahka ukarudi na neno jipya: zimekuwa mbata, umepoteza mnunuzi kwa ajili ya mbata. Sikufunua. Nilimwagilia juu ya makumbi nikaenda kwa wateja wangu. Sikufunua, ndugu zangu, na kutofunua huko ndiyo karama niliyopewa. Kwa mtu mwingine si kitu. Kwangu mimi ilikuwa kama kuhamisha mlima.

Kisha asubuhi moja mama Zuhura akaniita kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwake. Katikati ya makumbi kulikuwa na ncha moja, ya kijani iliyopauka, imechongoka kama jino la mtoto. Alhamdulillahi! Baadaye zikatokeza nyingine. Kati ya saba ziliota nne. Ile niliyoivunja mzizi haikuota, na baadaye sikumficha mwenye nazi.

Bi Mwanahawa alikuja na binti yake, na mtoto mgongoni. Nikataka kumweleza kwa mpangilio, akaninyamazisha kwa mkono.

"Mti umekwenda na maji," alisema. "Tulisikia tu kishindo."

Akaikalia ndoo iliyopinduliwa, akaigusa miche minne mmoja mmoja. Halafu akafungua pindo la kanga yake. Ndani ya fundo kulikuwa na kitambaa cheupe, na ndani ya kitambaa kitovu kikavu cha mjukuu wake, kidogo kama kokwa ya ukwaju. Alikuwa amekitunza tangu kilipodondoka, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kukiweka.

Tulikwenda Mtunda pamoja siku ile ile. Mimi nilichimba, yeye akazika, binti akashika mche usimame wima. Walipanda mitatu. Wa nne alinirudishia.

"Huu wako. Si zawadi, usifurahi. Ukaupande mbele ya bustani yako. Nitakuwa napita kuukagua, na nisipokuwapo mimi, huyu," akamwonyesha mtoto, "atakuja kukuuliza uko wapi."

Nimeupanda. Uko mbele ya banda, unapita goti langu. Mnazi wetu mrefu huu hauzai upesi, ni wa miaka. Mama Zuhura kila akiumwagilia hunitazama akacheka, kwa sababu anajua kwamba huu nitakula tunda lake, Inshallah.

Sitawadanganya kwamba wahka umekufa. Leo asubuhi basi lilipiga honi na mguu ukatikisika. Lakini nilikuwa nimeshika mche wa mtu, na mche wa mtu hauachwi. Ndugu yangu uliyekaa hapo na moyo wako uko njiani, nakuomba umwamini Yule aliyeniokoa. Usimwombe akuonyeshe pa kukimbilia. Mwombe akukabidhi kitu cha mja Wake, kisha akupe nguvu ya kukaa nacho.

Na ukipita Kibiti, ingia. Kaa barazani, niambie mti wa kwenu ulikuwa wa namna gani. Ukiona nazi zimefunikwa makumbi pembeni, tafadhali, usifunue.