Kwale Waliokataa Kufa

Walikuwepo Sharifu, tunayemwita Meneja kwa sababu aliwahi kusimamia ghala la mahindi kwa msimu mmoja; Ponsiano, jina lake Volteji, fundi wa simu na redio; Mustapha, yaani Kocha, mwenye kibanda umiza cha kuonyesha mpira, ambaye mechi ikianza anawaelekeza wachezaji kana kwamba wanamsikia; Ikram wa darasa la saba, mjukuu wa Bibi Mashavu; Shamimu, binamu yake aliyekuja likizo kutoka Korogwe mjini; na mimi, Mama Abraham, na birika langu la kahawa, na Abraham mwenyewe mgongoni. Kijiwe chetu kiko Mnyuzi, karibu na reli, mbele ya kibanda cha Kocha. Benchi ni ubao mnene ambao hakuna anayekumbuka uliletwa na nani. Siku hiyo hakukuwa na mechi, kwa hiyo Kocha alikuwa ametoa TV yake ya flati barazani na kuiweka juu ya kreti la soda ili watu waangalie taarifa ya habari wakinywa kahawa. Hakuna aliyeangalia taarifa ya habari. Ikram alikuwa amekuja na mfuko wa sandarusi.

Ndani ya mfuko mlikuwa na gemu ya kizamani ya kijivu, kaseti moja ya njano, na bastola ya plastiki yenye waya mrefu. Vilikuwa vya baba yake, Abdi. Ikram hakumjua Abdi. Alifariki yeye akiwa bado wa kubebwa. Anachokijua amekipata hapa kijiweni, maana kila akipita ametumwa sukari, lazima mmoja amwambie kwamba baba yake alikuwa hakosi kwale. Kwale ni wale ndege wa kwenye gemu, wanaoruka kutoka kwenye nyasi, unawapiga kwa bastola.

Kabla hajawafikia wanaume, Ikram alipita kwangu kwanza.

— Mama Abraham, leo nataka nijue kama ni kweli. Shamimu anasema watu wakubwa wanamsifia kila aliyekufa.

— Si uongo, alisema Shamimu. Kwetu alikufa jirani mmoja mchoyo balaa. Msibani wakasema alikuwa mkarimu.

Nikawapa kashata.

Volteji alipouona mfuko aliweka kikombe chini. Aliitoa gemu taratibu, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaanza kuchomeka nyaya nyuma ya TV. Shamimu aligusa kioo kwa kidole, akasubiri.

— Haitachi hiyo, mwanangu, alisema Volteji.

— Sasa unaichezaje?

— Kwa nyaya.

— Inakula bando kiasi gani?

— Haili bando.

— Na matangazo yanakuja kila baada ya muda gani?

— Hayaji.

— Sasa wenye gemu wanapata faida gani?

Volteji alimtazama Meneja. Meneja akasema hilo ni swali la kibiashara, atalijibu baadaye.

Kilichokuja kwenye TV ni michirizi mitupu. Volteji akaichomoa kaseti, akaipulizia chini kwa pumzi ndefu, kama mtu anayewasha jiko.

— Anafanya nini? aliuliza Shamimu.

— Bila kupuliziwa haiwaki, alisema Kocha.

— Kitu cha umeme mnakipulizia?

— Puliza kuanzia kushoto, aliagiza Meneja. Abdi alianzia kushoto.

Akapuliza kuanzia kushoto. Ikawaka. Muziki ulilia, mwembamba kama filimbi ya mtoto, na wale wanaume watatu wenye ndevu wakainama mbele wote. Kocha alishika magoti yake. Abraham aliacha kulia akasikiliza.

Ikram alisogea karibu.

— Nenda pale kwenye alama, alisema. Jina la baba litakuwepo.

— Jina gani?

— Si alicheza hii hii? Alama zake zitakuwa humo.

Volteji alikuna shingo.

— Haitunzi, mama. Hizi za zamani ukizima tu, imesahau.

— Imesahau zote?

— Zote.

— Kwa hiyo hakuna ushahidi, alisema Shamimu.

— Ushahidi ni sisi! alifoka Meneja.

— Nyie si mnakunywa kahawa tu?

Ikram hakucheka. Aliiokota bastola, akaishika kwa mikono miwili. Kwale wawili wakaruka kutoka kwenye nyasi. Akabonyeza. Ka! Wakaenda zao. Wakaja wengine. Ka! Ka! Hao pia wakaenda zao. Alipiga mpaka gemu ikaisha, na chini kwenye kioo palibaki pameandikwa sifuri.

— Zamu ya kwanza huwa hivyo, alisema Kocha.

Zamu ya pili ikawa hivyo hivyo. Ya tatu pia.

— Nimeshaelewa, alisema Meneja, akanyoosha kikombe nimwongezee. Bastola hii inapiga kwa mwanga. Imekaa kwenye mfuko miaka na miaka. Mwanga uliomo ndani umeoza. Ianikwe.

— Mwanga unaoza? aliuliza Volteji.

— Kila kitu kikifungiwa kwenye mfuko kinaoza. Mimi nimesimamia ghala.

Wakaianika juani, pale kwenye ncha ya benchi, mdomo ukitazama Handeni. Meneja aliigeuza mara mbili ili ishike jua pande zote. Baada ya vikombe kama viwili wakajaribu tena. Kwale waliruka, wakaenda zao.

— Ni umeme, alisema Volteji. Ule wa zamani ulikuwa mzito. Ukigusa waya unakutupa kule. Huu wa siku hizi unatoka mbali, ukifika Mnyuzi umeshachoka. Hauwezi kuua ndege.

— Lakini unaonyesha mpira vizuri tu, alisema Kocha.

— Mpira hauuawi.

— Sikilizeni, alisema Meneja. Tatizo ni kwale wenyewe. Miaka ishirini wamekaa kwenye kaseti, hakuna wa kuwapiga. Si wamezaliana? Hawa mnaowaona ni wajukuu. Wameshahadithiwa habari za bastola.

— Wamehadithiwa na nani? aliuliza Shamimu.

— Na waliopona.

— Si mlisema anko Abdi alikuwa hakosi? Hao waliopona walitoka wapi?

Meneja aliinua kikombe akanywa. Nilijua hakina kitu, nilikuwa sijamjazia. Ikram alikuwa anawatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliona kitu cha kuangalia upande wa reli.

— Mimi nasema ni TV, alisema Kocha. Ile ya zamani ilikuwa na chogo. Nyuma kule pana nafasi kubwa. Kwale akipigwa anadondokea huko. Hii yangu ni nyembamba kama sahani. Akipigwa ataangukia wapi? Anaona bora aendelee kuruka.

Walimcheka mpaka jirani akachungulia dirishani. Meneja alijifuta machozi.

— Kocha, kwa hiyo wachezaji wa mpira nao wakianguka wanaangukia wapi?

— Wale wanaanguka kwa pembeni.

— Acheni utani, alisema Volteji. Mnazijua simu zinazofunguka kwa kidole? Ukimpa mwingine, hazimfungukii. Bastola hii imezoea mkono wa Abdi. Mkono mwingine haiutambui.

Aliposema hivyo Ikram aliitazama bastola, halafu akavitazama vidole vyake.

— Mimi si damu yake?

Akapangusa mikono kwenye sketi, akainua bastola, akasubiri kwale watoke vizuri kabisa. Akabonyeza. Wakaenda zao. Aliilaza bastola kwenye benchi polepole, kama anayelaza kitu kinachoweza kuamka.

Volteji alikuwa ameshaona maneno yake yalichomfanya mtoto.

— Hapana, hapana, una mafuta ya kashata mkononi, ndiyo maana, alisema haraka, akaichukua na kuifuta kwa shati lake, lile jipya. Mafuta yanazuia.

Na Meneja, mtu ambaye hajawahi kukubali hapa kijiweni kwamba ameshindwa kitu, akaomba bastola. Alipiga mara tatu, akakosa mara tatu, na kila akikosa alitangaza kwa sauti.

— Mnaona? Hata mimi! Hata mimi jamani!

Niliona kwamba hakuwa anaitazama TV. Alikuwa anamtazama mtoto.

Ndipo Bibi Mashavu alipotokea, kanga imefungwa kiunoni, anatembea kama mtu aliyekagua chini ya kitanda na kukuta mfuko haupo. Wanaume wote walisimama. Kocha alipunguza sauti ya TV.

— Shikamoo bibi.

— Marahaba. Nimeulizia huyu mtoto nyumba nne.

— Bibi, nilitaka kukwambia, alianza Ikram.

Bibi hakumkaripia. Aliangalia ile gemu, akaangalia nyaya, akaangalia bastola mkononi mwa Meneja. Nilimpisha kwenye kigoda changu, naye akakaa, jambo ambalo hajawahi kulifanya hapa.

— Mnafanyaje?

— Unabonyeza hapa, bibi, alieleza Volteji kwa heshima kubwa. Ndege anaanguka kule.

— Anaanguka?

— Leo hataki. Lakini ndivyo inavyotakiwa.

Bibi alifikiri. Alitazama umbali kutoka kwenye bastola mpaka kwenye TV, pale katikati ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa inzi wangu wa kashata.

— Sasa huyo ndege anajuaje kwamba amepigwa?

Kocha aliangalia nyuma ya TV, kana kwamba jibu lingeandikwa huko. Meneja, ambaye amewahi kutueleza bahari ilikoipata chumvi yake, alininyooshea kikombe. Niliinamisha birika. Yakatoka machicha.

— Imekwisha, nikasema.

Gemu ilikuwa inaendelea kupiga ule muziki wake, na kwale wanaruka wenyewe bila kupigwa na mtu.

— Bibi, alisema Ikram. Baba alikuwa hakosi kweli?

Wale watatu waliinamia vikombe vyao vitupu. Volteji alianza kukunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

— Kweli, alisema Bibi Mashavu. Hakosi hata mmoja.

Meneja alishusha pumzi.

— Angekosaje? aliendelea bibi. Alikuwa anaenda mpaka kwenye TV, anaukandamiza mdomo wa bastola kwenye kioo. Hapa na hapa. Kila jioni mimi nafuta alama. Miduara, miduara, kioo kizima kama kimetoka upele.

Wa kwanza kucheka alikuwa Ikram, akifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

— Mlikuwa mnajua? Shamimu aliwauliza wanaume.

— Sisi tulidhani bibi haoni, alisema Volteji.

— Nilikuwa nakaanga mihogo, si kwamba nimepofuka. Na mliimaliza yote, wewe na huyu Mustapha. Huyu Sharifu alikuwa analia kwamba hapewi zamu, Abdi anampa aishike bastola gemu ikiwa imezimwa, ananyamaza.

— Bibi, hayo ya mimi kulia, alisema Meneja.

— Ulikuwa unalia.

Ikram aliiokota bastola, akaenda mpaka kwenye TV ya Kocha, akaugusisha mdomo kwenye kioo, juu ya kwale mwenyewe. Ka! Kwale akaenda zake.

— Si TV hiyo, alisema bibi. Alikuwa anapigia ile yangu.

Kocha alinyanyuka polepole.

— Ile ya chogo? Bado ipo?

— Ingekwenda wapi? Tangu ving'amuzi vije haionyeshi kitu. Nimeifunika kitambaa, naweka chupa ya chai.

— Nilisema! Kocha aligeuka huku na huku akitafuta wa kumshika shati. Nilisema au sikusema? Nafasi ya nyuma!

Walikusanya nyaya mikononi kama watu wanaobeba ndizi. Volteji alibeba gemu kifuani. Bibi alitangulia, na Ikram akawa pembeni yake na bastola, Shamimu nyuma akiuliza kama huko nako watapuliza. Kijiwe kikabaki na mimi, TV ya Kocha, na taarifa ya habari. Walikuwa wameondoka na vikombe vyangu.

Jua lilipopoa niliingiza TV ya watu ndani, nikafuata vikombe. Nilisikia kelele kabla sijafika. Sebuleni kwa Bibi Mashavu kitambaa kilikuwa kimekunjwa juu ya kochi, chupa ya chai iko sakafuni, na Volteji amelala kifudifudi akishikilia waya mmoja usichomoke. Picha ilikuwa inacheza kidogo upande wa kulia. Ikram alikuwa amepiga magoti, bastola imekandamizwa kwenye kioo. Kwale wakaruka. Ka! Mmoja akageuka kichwa chini, akashuka moja kwa moja mpaka kwenye nyasi.

— Huko ni kuchiti! alipiga kelele Shamimu.

— Ndivyo tunavyopiga kwetu, alisema Ikram, bila kugeuka.

Meneja alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenyoosha mkono.

— Sasa nipeni zamu na mimi, alisema. Jamani, tangu mchana.

Wakampa.

Juzi nilipeleka vitumbua kwa Bibi Mashavu. TV haifunikwi tena; chupa ya chai imehamia dirishani. Bibi alikuwa anapangusa vumbi, na kwenye kioo, upande wa chini, pana alama ya duara ya mdomo wa bastola. Alipangusa kioo chote, hapo akapazunguka.