Abiria Mgumu wa Lac Vert

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Muzee Télesphore Niyibizi wa mtaa wa Lac Vert hapa Goma, mfugaji kutoka milima ya Masisi, aliyetuacha mwezi uliopita akiwa amekula chumvi nyingi. Muzee Niyibizi hakupanda ndege maishani mwake. Hata mara moja. Lakini ndiye aliyemfundisha mjukuu wake, Umwiza, kuhudumia watu ndani ya ndege. Tulieni, mtaelewa.

Muzee alipohamia Goma alikuja na ng'ombe wachache na adabu zake zote. Kwake mtoto hamkazii macho mkubwa. Ukimpa kikombe, unapiga goti kidogo, mikono miwili, macho chini. Umwiza alikulia humo.

Basi, Umwiza alimaliza shule, akaomba kazi ya kuhudumia abiria katika kampuni moja ndogo ya ndege. Alishonesha sketi ya buluu kwa mafundi wa soko la Birere, akabana nywele vizuri, akaenda kuhojiwa. Wakamkataa.

"Babu, ni urefu," alisema, akivua viatu mlangoni. "Banataka barefu."

Kesho yake ikawa ni Kifaransa. Kesho kutwa ikawa ni kwa sababu hana mtu wa kumsukuma ndani. Muzee alikuwa anakata jibini, hakuinua kichwa.

"Ulibauliza?"

"Kubauliza nini, Babu?"

"Juu ya nini balikukatala."

"Aa, Babu! Mutu anaulizaga vile?"

"Fromage yangu ikirudishwa ku soko, ninaulizaga: ni chumvi ao ni moshi? Enda uulize."

Umwiza akaenda, miguu mizito. Madame Dorine, yule aliyemhoji, alimkumbuka mara moja, akacheka, wala si kwa ubaya.

"Mutoto, Kifaransa yako iko muzuri. Urefu inatosha. Lakini ulisema na viatu yangu, mwanzo mpaka mwisho! Musafiri akiogopa, anatafutaga macho yako. Ataiona wapi? Tukiita bengine, urudie."

Jibu hilo likafika nyumbani. Muzee alijua ni nani aliyeyafundisha macho yale kushuka. Mama Bénédicte, mama yake Umwiza, anakumbuka: "Papa alikunywa maziwa yake yote, polepole. Kisha akavuta kiti katikati ya salon, pale sebuleni. Akasema, mimi ni abiria. Unihudumie. Na uniangalie mu macho."

Mwanzoni Umwiza alishindwa. Aliangalia ndevu. Kisha akaangalia sikio.

"Sikio haiogopake ndege!" muzee akafoka. "Panda juu!"

Kila jioni muzee alijifunga kiunoni kamba ya ng'ombe, ndio mkanda wake, na akawa abiria mgumu kweli. Chai ni ya baridi. Jibini ni ngumu. Mara anatikisa kiti mwenyewe na kupiga kelele: "Mademoiselle, tunaanguka!"

"Hapana, Papa, ni upepo tu. Kaza kamba," Umwiza anamjibu kama abiria yeyote.

Jirani yao, Papa Olivier, alichungulia mlangoni. "Muzee Niyibizi! Mutoto anakukazia macho na wewe unacheka? Bale ba Masisi batasema nini?"

"Ba Masisi habatamupa kazi. Ingia, kuko nafasi ku dirisha."

Papa Olivier akaingia. Tangu siku hiyo yeye akawa abiria mwoga.

Lakini watu walisema. Wazee wenzake hawakumwita muzee kwenye mazungumzo ya mahari, yeye aliyekuwa msemaji wao siku zote. Mtu aliyeharibu mjukuu wake atasemea nani? Ilimuuma. Jioni akafunga kamba yake tena.

Kampuni ikaita watu tena. Umwiza akaingia, akamtazama Madame Dorine, akatabasamu. Madame akaweka kalamu chini. "Leo tumeonana," akasema. Akapata kazi, wasikilizaji. Umwiza akapata kazi.

Muzee alipolala kitandani kwa mara ya mwisho, Umwiza aliomba ruhusa, akaja. Akamletea maziwa katika kikombe chake cha bati chenye ukingo wa buluu. Goti, mikono miwili, na macho yakashuka yenyewe kwa machozi. Muzee akagonga kikombe kwa ukucha.

"Mademoiselle. Abiria iko huku juu."

Umwiza akainua macho. Hawakuyaondoa mpaka maziwa yakaisha.

Kwa Mama Bénédicte, kwa Umwiza, kwa jamaa wote wa Lac Vert na Masisi, tunasema poleni sana. Mungu ampokee muzee wetu. Na wewe uliyekataliwa kazi juma hili, kabla ya kulaumu urefu wako, fikiri kidogo: umeuliza? Na sisi tulio wakubwa nyumbani, ni nani kati yetu atakubali kukaa kwenye kile kiti?

Kiti chenyewe bado kiko salon, na kamba yake. Jioni Papa Olivier huja kukaa pembeni yake. Ukimuuliza, anasema anamwekea mwenzake nafasi ya dirishani.