Gieri Caduff, Aliyezipungia Ndege Mkono (1948–2023)

Wasifu ulioandikwa na kusomwa na mdogo wake, Barla, katika kanisa la Kloten

Kaka yetu Gieri alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kijiji cha Lumbrein, bonde la Lumnezia, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Balzer na marehemu Onna Caduff. Mama alizoea kusimulia kwamba asubuhi hiyo theluji ilikuwa imeziba madirisha ya chini, na kwamba mtoto alitoka kimya, akatazama huku na huku, ndipo akalia. Nyumbani kwetu kulikuwa na desturi moja. Mtu akisafiri, anayebaki hutoka mpaka barabarani na kusimama na mkono juu hadi msafiri apite kona ya kanisa dogo. Kuingia ndani kabla ya hapo kulikuwa utovu wa adabu. Gieri aliichukua desturi hiyo akaenda nayo mbali kuliko sisi wote.

Alisoma shule ya kijiji kwa Kiromanshi, lugha yetu ya milimani, kisha sekondari ya Ilanz, ambako Kijerumani kilimtoa jasho. Walimu walimwita msinziaji kwa sababu kutwa alitazama dirishani. Masikini, hakuwa anasinzia. Alikuwa akifuata mistari myeupe ambayo ndege huiacha juu ya milima, na alipoulizwa yuko wapi, alijibu kwamba hajafika bado. Alijifunza ufundi katika gereji ya mabasi ya posta, na mwaka 1969 akaajiriwa hapa Kloten, kwenye uwanja wa ndege, na shirika la ndege la taifa la Uswisi, lile la mkia mwekundu wenye msalaba mweupe. Siku ya kuondoka, baba alimsindikiza mpaka kituoni akabaki na mkono juu. Basi likanasa kwenye theluji kabla ya kona, na baba naye akanasa pale pale na mkono wake, mpaka wakaja watu na koleo.

Kazi yake ilikuwa kuiaga ndege. Ndege inaposukumwa kutoka kwenye maegesho, fundi wa chini huchomeka pini ndogo ya chuma kuzuia usukani wa gurudumu la mbele. Ikishasukumwa, huichomoa, humwonyesha rubani utepe mwekundu unaoning'inia kwenye pini, kisha humpungia mkono. Maana yake ni kwamba njia nyeupe, nendeni. Wenzake walipunga wakageuka kutafuta kahawa. Gieri alibaki na mkono juu mpaka ndege ikunje kona. Walimcheka sana, yeye akasema kwao Lumbrein hata mbuzi huagwa hivyo.

Kwa mkono huo alipata mke. Novemba moja, ukungu wa Kloten ulikuwa umelala juu ya uwanja, mzito, mtu haoni kiatu chake. Ndege ya Lisbon iliondoka ikamezwa na weupe, na ndani yake alikuwamo mhudumu mmoja, Verena Altorfer, mzaliwa wa hapa hapa. Dirishani aliona kivuli cha mwanamume aliyenyoosha mkono, kisha hakuona kitu. Aliporudi kesho yake, alimtafuta.

"Wewe ndiye yule wa jana?" akamwuliza. "Mbona nasikia hukushusha mkono mpaka wakaja kukuchukua?"

"Sikuiona ikikunja kona," Gieri akajibu. "Ningejuaje kama umeondoka?"

Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1976, wakajaliwa Ladina na Flurin. Kwa miaka mingi nyumba yao iliishi kwa ratiba ya ndege. Mama angani, baba chini, na baina yao dirisha dogo na utepe mwekundu. Verena alizoea kusema kwamba safari yake haianzi injini zikiwaka, huanza akimwona Gieri.

Kisha ikaja ile siku, tarehe 2 Oktoba 2001, ambayo watu wa Kloten wakiikumbuka hushusha sauti. Shirika lilikuwa limeishiwa, na mafuta hayakutiwa tena. Gieri alikuwa chini ya ndege ya Porto, pini imechomekwa, milango imefungwa, Verena yumo ndani. Rubani akamwambia kwenye simu ya masikioni wasisukume, ndege inazimwa, hawaendi popote. Abiria waliteremka wakiwa kama watu walioamshwa usingizini, na Verena akasimama mlangoni akimpa kila mmoja chokoleti yake, ile inayogawiwa kabla ya kutua, kwa sababu hakujua kingine cha kufanya. Gieri akachomoa pini. Hapakuwa na wa kumwonyesha. Akaitia mfukoni, akaenda nayo nyumbani. Mtu huyu hakuwahi kwenda na hata skrubu ya kazini.

Kutokana na mabaki lilijengwa shirika jipya, likiunganishwa na lile dogo la Basel, na mkia ukabaki na msalaba ule ule. Verena akarudi angani. Gieri akakataa. Alisema wamemzika marehemu na mtoto wa jirani wakamvisha nguo zake. Akawa mtunzaji wa shule ya msingi, akitunza mtambo wa kupasha madarasa joto, na pini ikakaa kwenye mfuko wa koti. Alipoulizwa na Flurin kwa nini hairudishi, alisema ile ndege ya Porto haijaondoka, kwa hiyo kazi haijaisha. Kaka yetu alikuwa mpole, lakini akishupaa, hata nyumbu wa Lumnezia wangemwachia njia.

Mwaka 2005 zilipokuja habari kwamba shirika jipya nalo haliwezi kusimama peke yake, na kwamba litanunuliwa na wakubwa wa upande wa pili wa mpaka, Gieri alizima redio. Jioni hiyo mezani, viazi vya kukaanga vikipoa, walisemezana maneno ambayo Verena ameruhusu yasomwe.

"Wajerumani," Gieri alisema. "Kesho wataupaka mkia rangi yao. Na wewe utapanda?"

"Nitapanda. Mimi sibebi bendera, Gieri, nabeba watu."

"Basi beba."

"Unajua kinachoniuma?" Verena akasema. "Kila nikiondoka natazama dirishani. Kuna kijana amesimama, ananipungia vizuri tu. Lakini si wewe."

Wiki kadhaa walipitana ndani ya nyumba kama wapangaji, na mdogo wake, Barla, huyu anayewasomea, aliyewatembelea siku hizo, alirudi Lumbrein akiamini kwamba kilichokufa pale uwanjani kinaiua na ndoa.

Asubuhi moja ya ukungu Gieri alikwenda kwenye kilima cha watazamaji, kando ya uzio. Alisema baadaye kwamba alikwenda kuuaga ule msalaba kabla haujapakwa rangi, wala hakuwa na nia nyingine. Dunia yote ilikuwa maziwa. Sauti zilikuja kutoka kila upande, na hakujua tena kama yuko mwaka huo, au mwaka ule wa ndege ya Lisbon, au barabarani kwetu akiwa mtoto. Ndege ikajitokeza taratibu, pua, madirisha, kisha mkia, msalaba ukiwa mahali pake. Ilikuwa inakwenda Porto, Verena ndani. Akajikuta ametoa pini mfukoni, ameinyanyua, utepe unaning'inia. Rubani akamulika taa mara mbili. Verena aliona doa jekundu tu kwenye weupe, akakaa kwenye kiti cha mbele akalia mbele ya abiria, jambo ambalo kazini kwao halifanywi.

Gieri alibaki na mkono juu mpaka ndege ilipokunja. Kisha akaenda moja kwa moja ofisini, kwa mkuu mpya wa mafundi, Bwana Petersen wa Hamburg. Huyu akamwuliza kama amekuja kuomba kazi.

"Hapana, nimekuja kurudisha kifaa."

"Cha shirika lipi, Bwana Caduff? La zamani au letu?"

"Cha ndege," Gieri akasema. "Shirika sikuuliza."

Bwana Petersen akamwambia aje kesho alfajiri na asichelewe. Kauli hiyo, Mjerumani kumwambia Mswisi asichelewe, Gieri aliisimulia kwa uchungu mpaka uzeeni, hasa wakati Petersen huyo huyo ameketi mbele yake wakicheza karata. Alifanya kazi tena mpaka alipostaafu mwaka 2013. Watu waliposema shirika limemezwa, aliwasahihisha, "Limeolewa. Na jina la baba limebaki nalo." Siku ya kumuaga, Petersen alimrudishia ile pini.

Mwaka 2018 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kutetemeka, nao ulianzia kwenye mkono ule ule. Alishinda kwenye roshani yao, blanketi magotini, akitazama mikia ikipita. Zile wiki za mwaka 2020 ndege zilipoegeshwa safu kwa safu kwa ajili ya maradhi ya dunia nzima, miaka ilimchanganyikia, akauliza kama wamezizima tena. Verena akamwambia zimelala tu. Akangoja naye mpaka zikaamka.

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 9 Novemba 2023, ukungu ukiwa dirishani, Verena amemshika mkono.

Ameacha mjane, Verena. Watoto wawili, Ladina na Flurin. Wajukuu watatu, Nesa, Curdin na Mia. Na ndugu wawili, Luregn na Barla, aliyesimama hapa.

Tukitoka kanisani, tunaomba msilifuate gari la jeneza mara moja, wala msirudi ndani. Miaka yote aliyebaki chini alikuwa Gieri, na aliyeondoka alikuwa Verena. Leo ni zamu yake Verena kubaki. Atasimama barabarani na ile pini, aonyeshe utepe, na sisi tutasimama nyuma yake na mikono juu mpaka gari likunje kona.

Njia nyeupe, kaka. Lala salama.